Gundi ya Ngozi kwenye Besi ya Gaudensi

Vijana mnaokuja kwangu kuulizia ufundi wa magitaa, nianze kwa kuwavunja moyo kidogo. Shule ya kazi hii siijui iko wapi, na hapa Sumbawanga hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa seremala. Nilitengeneza viti, vitanda, meza na majeneza, na jeneza ndiyo kazi pekee ambayo aliyeitumia hakurudi kulalamika. Siku moja kwaya fulani wakaniletea gitaa lililong'oka daraja, wakasema hii ni mbao na wewe ni mtu wa mbao. Nikaliunga. Wakaja wengine, na wengine tena. Miaka michache baadaye viti ndivyo vilivyokuwa vinasubiri zamu, na wanawake sokoni wakawa wanampa pole mke wangu.

Sasa nimepumzika. Mikono inatetemeka nikishika kitu chembamba, kwa hiyo nimebaki na kashamba ka ulezi na mdomo. Maswali yenu yanafanana, nikaona heri niandike majibu mara moja ili mkija tuongee mambo mengine. Msitegemee mpangilio.

Wengi mnauliza kuhusu nyuzi. Uzi wa besi ukizeeka, sauti yake hufa, lakini mara nyingi chuma chenyewe bado kizima. Kilichoua sauti ni jasho na uchafu ulioingia kwenye ile mizunguko ya waya. Uchemshe dakika kumi kwenye maji yenye magadi kidogo, ukaushe na kitambaa, uanike juani, utarudi na sauti ya ujana kwa wiki kadhaa. Sisi tulifanya hivyo kwa sababu nyuzi mpya zilikuwa hazionekani huku. Mara ya kwanza nilichemshia kwenye sufuria ya nyumbani, tena ile ya ugali, na sikuisugua vya kutosha. Mke wangu alionja tonge moja, akanitazama, akauliza kama bendi nzima imeogea humo. Tafuteni kopo lenu.

Halafu kuna waya wa breki ya baiskeli. Najua mmeshawahi kuufunga kwenye gitaa pale uzi mwembamba unapokatika, msinidanganye. Unatoa sauti, ni kweli. Kwaya moja ya Matai walipigia waya huo mwaka mzima na hakuna aliyegundua. Waliponiletea gitaa, freti, vile vyuma vinavyokatisha shingo, zilikuwa zimelika chini ya uzi huo mmoja kama vile mtu amepitisha tupa. Nilizing'oa zote nikazisawazisha. Kazi ya siku nne kwa sababu ya waya mmoja.

Kidaraja cha juu, kile kipande chenye mifereji minne ambamo nyuzi hupita kabla ya kufika kwenye vifunguo vyake, nilikuwa nakichonga kwa mfupa wa muundi wa ng'ombe. Chemsheni mfupa kwenye maji ya majivu mpaka mafuta yaishe, la sivyo unabaki unateleza na kunuka. Siku moja niko buchani naomba mfupa, akawepo mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa ameleta ng'ombe wake. Akaniuliza, "Ng'ombe mzima huyu, na wewe unataka hapo tu?" Nikamwambia nataka padogo zaidi ya hapo, nataka kipande cha ukubwa wa jino. Alinifuata mpaka kibandani, nadhani aliamini natengeneza dawa. Akakaa kwenye kigoda mpaka nikamaliza kuchonga, nikafunga nyuzi, nikapiga. Alicheka sana. Akasema ng'ombe yule alipokuwa hai hakuwahi kulia vizuri hivyo.

Lakini niliyetaka kuwaambia habari zake ni Gaudensi, na ili mmwelewe lazima niwaambie kwanza juu ya gundi.

Useremala nilifundishwa na mzee Melkiori wa Mwimbi. Mzee yule alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa mbao. Gundi yake ilikuwa ya ngozi na mishipa ya ng'ombe, inayochemshwa kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, maana ikigusa moto moja kwa moja inaungua na kupoteza nguvu. Alikuwa anaipima kwa vidole viwili: anachovya, anabana, anaachanisha, na ikivuta utando mwembamba anasema, "Tayari." Kwa gundi hiyo nimeunga viti ambavyo mpaka leo vinakaliwa na wajukuu wa walionunua. Baridi ya Ufipa, hasa ule upepo mkavu wa Juni na Julai, inaipenda. Ikishika hapa juu, utavunja mbao kabla ya kuvunja kiungio.

Nilipohamia kwenye magitaa nikahama na gundi yangu. Wateja wangu wa mwanzo walikuwa wa huku huku, Matai, Mwimbi na mjini, na hakuna aliyerudi na malalamiko. Sikuwa na sababu ya kujiuliza chochote.

Gaudensi alikuja mwezi wa sita. Ni mtu wa ziwani, kigango kimoja kando ya Kipili, mvuvi aliyeacha uvuvi kwa sababu ya mgongo, na mpiga besi wa kwaya kwa miaka ishirini na minane. Gitaa lilikuwa ni lile lile kwa miaka yote hiyo. Alilipata kwa mpigaji mmoja aliyekuwa anavuka kwenda Zambia na hakutaka mizigo. Rangi ilikuwa imebaki pembeni tu. Pale mkono wa kulia unapolala mbao ilikuwa wazi na laini, na nyuma ya shingo kidole gumba kilikuwa kimejichongea kitanda chake. Kitufe kimoja cha sauti kilishapotea zamani, mahali pake pakawekwa kizibo cha dawa ya meno, na kilizunguka vizuri kuliko vile vya dukani.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia, maana alikuwa amenizidi miaka kama kumi.

"Marahaba, fundi. Mbuzi amenivunjia mtoto."

Mbuzi aliingia ndani, gitaa limeegemezwa ukutani, likaanguka, shingo ikapasuka pale inapoingia mwilini. Lilikuwa gitaa la zamani ambalo shingo yake imegundishwa, haina skrubu. Niliichomoa, nikasafisha, nikachemsha gundi ya mzee Melkiori, nikaunga, nikabana kwa jiliwa siku tatu. Hata wembe usingepita kwenye kiungio. Nikapandisha nyuzi, nikapima freti moja moja kwa kinanda kidogo nilichokuwa nacho, kila kitu sawa. Gaudensi alipiga wimbo mmoja kibandani, akafumba macho, akaondoka ameridhika. Na mimi niliridhika. Nilijipongeza kwa kazi ile kwa siku kadhaa, ngoja niwe mkweli.

Alirudi mwezi wa kumi, safari hii na mkewe, Redempta. Nikamwamkia kama kawaida. Kabla hajaitikia, mkewe akamwinamia sikioni akapaza sauti mpaka muuza nyanya wa jirani akageuka:

"Fundi anakusalimia!"

"Nimesikia," Gaudensi akasema polepole. "Marahaba, fundi."

Redempta akanieleza, kwa sauti ile ile, kama vile na mimi nilikuwa mgonjwa. Masikio ya mzee yameharibika. Tangu Julai anapiga sauti zisizo zake, wimbo unakwenda huku besi inakwenda kule. Sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango, kanisa limejaa wageni, mpaka waimbaji wa sauti ya nne wakapotea. Mwalimu Leonsi, anayefundisha kwaya, akavumilia, mwishowe akamwambia mzee apumzike. Sasa amepewa kazi ya kupanga mabenchi. Wamekuja nimtafutie mtu wa kulinunua gitaa.

"Nyumbani siku hizi ni kelele tu," akamalizia, "lakini nitafanyaje, bila kelele hasikii."

Gaudensi alikuwa anatazama barabarani.

Nililichomeka gitaa kwenye amplifaya. Nyuzi nne zikiwa wazi, bila kubonyezwa, zilikuwa sawa kabisa na kinanda. Nikabonyeza freti ya tano, sauti imepanda kidogo. Freti ya saba, imepanda zaidi. Ya kumi na mbili, aibu tupu. Nyuzi zilikuwa zimekaa juu mno kutoka kwenye shingo, na uzi ukiwa juu, ili uufikishe kwenye freti lazima uuvute, na ukiuvuta sauti inapanda. Nikaingiza ukucha kwenye kiungio pale chini ya shingo. Ukaingia.

Nilijua saa ile ile. Gundi ya ngozi haipendi joto lenye unyevu. Kule ziwani ilikuwa imelegea, si kwa kuachia, bali kwa kuteleza kidogo kidogo, na nyuzi nne za besi zinavuta kwelikweli. Shingo ikainama mbele unene wa ukucha. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichogonga, kwa macho gitaa lilikuwa zima. Ndiyo maana ikaonekana mbovu ni Gaudensi.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana sijivunii. Nikasema, "Niachieni mpaka keshokutwa. Nitalisafisha ili lipate mnunuzi." Basi. Niliona aibu, na aibu ile haikuwa kwa ajili ya Gaudensi, ilikuwa kwa ajili yangu. Nilihesabu haraka kwamba nikitengeneza kimya kimya, gitaa litapona, mzee atapona, na jina langu litabaki safi.

Wakaenda kulala kwa kaka yake Redempta. Mimi nikafungua kiungio kwa vitambaa vya maji ya moto, na gundi ya mzee Melkiori ikaachia bila ubishi. Nikakwangua, nikaunga kwa ile gundi ngumu ya mirija miwili inayochanganywa, ambayo wakati huo nilikuwa naidharau kwa kuwa haikuhitaji akili. Nikaongeza skrubu mbili ndefu kwa nyuma. Nyinyi leo mnaanza na gundi hiyo kabla hamjafikiri, na sina la kuwacheka.

Siku ya tatu walirudi. Gaudensi aliomba apige mara ya mwisho, ya kuliaga. Akapiga mistari miwili, akasimama. Akarudia. Akapanda juu shingoni kwenye zile freti za aibu, akashuka, akapanda tena. Kisha akainua uso, na ule uso nauona mpaka leo.

"Mama Yustina," akamwambia mkewe, "hewa ya huku juu imenizibua masikio."

Redempta akapiga vigelegele. Akamshukuru Mungu, akamshukuru somo wake, na hapo hapo akaanza kupanga. Kaka yake ana kiwanja. Nyumba ya Kipili watauza, shamba watampa binti yao Yustina, mzee atapona kabisa kwenye baridi hii. Akatoka mbio kwenda kumwambia kaka yake kabla hajakwenda kazini.

Nilibaki nimesimama na bisibisi mkononi. Watu wazima wawili walikuwa wanahama nyumba waliyolelea watoto kwa sababu ya gundi yangu. Nikakaa chini, nikamwambia yote, ya Juni na ya juzi, na ule uongo wa kusafisha.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akawa anazungusha kile kizibo cha dawa ya meno.

"Nilisikia, fundi," akasema. "Jumapili ya kwanza tu nilisikia kwamba sauti inapanda. Nikajiambia, gitaa limepimwa na fundi wa Sumbawanga, basi mbovu ni mimi. Nikaacha kuyaamini masikio yangu. Mtu akiniambia kitu nasikia vizuri, halafu namwomba arudie, kwa woga tu. Ndiyo wakaanza kunipigia kelele."

"Nisamehe, mzee."

"Miezi minne." Hakusema amenisamehe. "Mama Yustina nilishamwambia mara moja, labda ni gitaa. Akaniambia wote wanaozeeka hulaumu vitu. Mimi nikirudia sasa hivi atasema najitetea. Utayasema wewe, Kipili, mbele ya kwaya."

Ningependa kuwaambia kwamba nilikubali papo hapo. Nilianza kutafuta sababu. Nikasema nina kazi za watu. Akasema atasubiri. Nikasema ningeandika barua. Akanitazama tu. Nilijua habari hiyo ikishasemwa kule ingepanda mlima kabla yangu, na ilipanda. Mwaka mzima uliofuata sikuona gitaa la mtu wa ziwani.

Tukapanda basi la Kipili, mimi na sanduku langu la vifaa, yeye na gitaa magotini, Redempta katikati. Kiwanja cha kaka kilisitishwa kwa maelezo kwamba mzee anataka kwanza kuwaaga wenzake. Njia nzima mama yule alimtajia mumewe majina ya vijiji sikioni kwa sauti ya mnadani, na basi zima likajua tulipo. Gaudensi aliitikia kila kijiji. Mimi nilitazama dirishani, nikawa naomba safari iwe ndefu.

Kipili tulifika Jumatano. Niliomba gitaa lining'inizwe nyumbani kwao, nyuzi zikiwa zimekazwa, siku tatu kwenye joto lile, kabla sijafungua mdomo. Sikutaka kukiri kosa la kwanza nikiwa nalifanya la pili. Kila asubuhi nilipima freti ya kumi na mbili. Haikutikisika.

Jumamosi mchana kwaya ilikutana kanisani. Gaudensi alikuwa amewahi, anapanga mabenchi, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Kijana mmoja alikuwa ameshika besi mpya ya kwaya, ina nyuzi tano, inang'aa. Mwalimu Leonsi akanikaribisha, akanipa nafasi ya kusema neno, akidhani nimekuja kutangaza biashara.

Nilisema. Nilisema gundi niliyotumia, nikasema kwa nini haikufaa huku, nikasema mzee alikuwa anapiga mahali sahihi siku zote na gitaa ndilo lililokuwa linamsema uongo.

"Lakini nililipima na kinanda mimi mwenyewe," Mwalimu Leonsi akasema. "Nyuzi zote zilikuwa sawa."

"Ulizipima zikiwa wazi, mwalimu. Zikiwa wazi zilikuwa sawa. Kosa linaanza ukibonyeza."

Yule kijana, namsifu kwa hilo, akavua mkanda wa besi mpya bila kuambiwa, akaenda kukaa benchi la nyuma. Gaudensi akachukua gitaa lake, akachomeka, lakini hakupiga.

"Rudia, fundi," akasema.

Nikarudia, kwa ufupi.

"Rudia tena."

Redempta alikuwa safu ya pili na waimbaji wa sauti ya kwanza, daftari la nyimbo limefunguliwa mikononi. Nikageuka nikamwelekea yeye, nikasema mara ya tatu. Nikasema, mama, masikio ya mzee hayakuwahi kuwa na tatizo, siku hata moja. Daftari likamwanguka. Akaweka kiganja mdomoni.

Gaudensi akatembea mpaka alipo, waya wa gitaa ukiburuzika nyuma yake, akaliokota daftari akampa. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, tuliosimama karibu ndio tuliosikia:

"Sasa uwe unaniongelesha kama zamani."